Upepo Ambao Haukuvuma

Jumapili, 12 Februari 2023

Theluji hadi magotini. Anga jeupe. Hakuna upepo.

Baba alinifundisha hivyo: mlinzi wa msitu huandika kwanza hali ya hewa, mengine baadaye. Ana miaka kumi na moja kaburini na bado namtii, hata kwenye daftari hili lisilomhusu mtu. Daftari la kazi liko ofisini kwa ushirika. Hili ni langu, linakaa mfuko wa ndani wa koti.

Leo mkutano mkuu wa ushirika wa msitu, ukumbini, baada ya ibada. Watu mia tatu na ushei. Kila aliyezaliwa hapa Prisaca akatimiza miaka kumi na minane ana fungu moja la msitu na kura moja – haliuzwi, halirithiwi, ukifa limekwisha. Hata Ghita mlevi ana fungu sawa na padri. Ndiyo maana mikutano yetu haiishi.

Habari ni mlima Lupoaia. Kampuni moja ya ng'ambo inataka tusiukate miaka thelathini. Italipa kila mwaka kwa ajili ya moshi ambao miti inaunyonya. Ghita akauliza kama watakuja na magunia kuibeba hiyo hewa. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Padri ndiye aliyeeleza: viwanda vyao huko vinatoa moshi, misonobari yetu inaumeza, wao wanalipia kumezewa. Hapo wazee wakaelewa.

Upande wa pili, kiwanda cha mbao cha Costin, mkwe wa mwenyekiti. Watu arobaini wanakula pale, mwanangu Sandu mmoja wao. Magogo hayatoshi tangu mwaka juzi. Costin alisimama akasema Lupoaia ukifungwa, na kiwanda kitafungwa, na vijana watarudi Italia kuwaogesha wazee wa watu. Hakudanganya. Nilimtazama Sandu, alikuwa anatazama viatu vyake. Miaka sita aliyokaa kule hataki hata kuitaja.

Mwenyekiti wetu ni Toader Bratu, baba msimamizi wangu. Ndiye aliyeshika taji juu ya kichwa changu siku ya harusi. Ndiye aliyemtoa Sandu kwenye maji ya ubatizo. Gogo lilipomwua mume wangu Vasile, ndiye aliyetangulia kubeba jeneza. Leo alinyamaza mkutano mzima, mwisho akasema tupige kura.

Hewa imeshinda, 171 kwa 140. Mimi niliinulia hewa mkono. Baba alikuwa akisema mlima ule ni udongo mtupu uliofungwa kwa mizizi, na nyumba ya Sandu iko chini yake kabisa. Sandu aliinulia kiwanda. Tulirudi njia moja, yeye mbele, mimi nyuma.


Jumanne, 14 Februari

Baridi. Upepo hafifu jioni.

Sandu alikuja kula. Ugali wa njano, jibini, kabichi ya chumvi. Alikula kichwa chini, kisha akasema mimba ya Mirela ina miezi minne na yeye hajui mwezi wa sita atakuwa na kazi au hana. Nikamwambia hewa italipa. Akasema hewa italipa ushirika, utajenga paa la ukumbi – yeye hali paa.

Mkewe Mirela ni mtoto wa mjini, ana ulimi. Lakini ananipenda, nami nampenda. Amenitumia mtungi wa figili.


Jumapili, 26 Februari

Theluji inayeyuka. Matope. Hakuna upepo.

Kesho Kwaresima inaanza. Leo ni siku ya kwenda kwa wasimamizi wetu wa ndoa kuomba msamaha. Nilioka mkate wa kusokota, nikachukua chupa ya pombe ya plamu, nikaenda kwa baba Toader. Nilimbusu mkono. Nikasema nisamehe baba kama nimekukosea, naye akasema Mungu akusamehe, nisamehe na mimi. Ndivyo inavyosemwa. Laiti ningeondoka hapohapo!

Alimtuma mkewe kuchukua achari ghalani. Tulipobaki wawili akaanza. Mkataba wa hewa umesainiwa Ijumaa, vizuri sana. Lakini ndani yake kuna mstari: miti iliyoangushwa na upepo inaruhusiwa kutolewa, isije ikaoza. Basi upepo ukivuma, Costin apate magogo yake, hewa tulipwe, kila mtu ashibe. Nikamwambia upepo haujavuma. Akasema Machi ni mwezi wa pepo.

Kisha akataka nyundo.

Nyundo yangu ina muhuri kichwani, namba 41. Mti haukatwi bila kuupiga muhuri karibu na mizizi, ili hata ukishakatwa kisiki kibaki na alama na mtu yeyote aone nani aliuruhusu. Nyundo ni ya mlinzi peke yake. Ikipotea unaripoti siku ileile. Baba alilala nayo chini ya mto miaka thelathini, mama akisema amezaa naye kwa huruma ya nyundo.

Nilimwambia baba Toader kwamba kama ni lazima, nitapanda mwenyewe, nichague mimi miti. Nilitaka iwe ya juu, kwenye kilele, mbali na nyumba. Akacheka polepole.

"Utapandaje na goti lako hilo? Nyundo si mke wa mtu, Zamfira. Niazime siku mbili tu."

Achari ikaja. Tukala.


Jumanne, 28 Februari

Mvua nyembamba. Hakuna upepo.

Nimempa. Niliifunga kwa skafu ya Vasile, nikaipeleka mwenyewe, ili isionekane kwamba nimeombwa mara ya pili. Mwanamke mjinga! Mtaka yote hukosa yote, nilikuwa na methali hiyo mdomoni kabisa. Lakini utamwambiaje mtu aliyekushikia taji? Na Sandu? Na mtoto anayekuja?

Nimejieleza vya kutosha. Nimempa, basi.


Ijumaa, 3 Machi

Ukungu asubuhi, jua mchana. Hakuna upepo. Shuka za jirani zimekauka kambani bila kutikisika.


Jumamosi, 4 Machi

Jua. Hakuna upepo.

Niliitwa ofisini. Baba Toader, Costin, na karatasi. Imeandikwa kwamba usiku wa kuamkia tarehe 3 dhoruba iling'oa misonobari 640 Lupoaia. Inatakiwa saini ya mlinzi, pamoja na mstari mmoja kwenye daftari la kazi. Niliandika: upepo mkali sana kutoka kaskazini. Kwa mkono wangu, kalamu yangu, ukurasa kama ule ambao baba yangu alianza kuuandikia kabla sijazaliwa – daftari jingine, lakini rafu ileile.

Costin alinipa kahawa. Iliniunguza ulimi, nikafurahi.

Nilimwuliza baba Toader nyundo yangu. Akasema bado siku mbili.


Jumapili, 12 Machi

Mawingu. Upepo kidogo tu.

Misumeno ya injini ililia ibada nzima. Padri alipandisha sauti, nayo ikapanda. Hakuna aliyegeuka. Kijiji kizima kinajua kwamba upepo haukuvuma – wote tulilala vitandani mwetu usiku ule, wote tuna madirisha! Lakini nusu ya kijiji inakula kiwandani, na nusu nyingine inangoja pesa ya hewa. Basi wote tumeimba.

Baada ya ibada Ghita alinisogelea, akanusa hewa kama mbwa, akasema ama kweli dhoruba hii ina harufu ya petroli. Nilimwambia akalale.


Jumatano, 22 Machi

Jua. Upepo wa wastani kutoka magharibi, mara ya kwanza mwezi huu.

Nimepanda Lupoaia na goti langu. Mwendo wa saa nne kwenda juu, nikipumzika kila mara.

Nilidhani wangeanza kileleni. Wameanza chini, kwa sababu chini ndiko barabara inakofika na lori halichoki. Mteremko wote ulio juu ya nyumba za chini, kuanzia kwenye chemchemi. Mti ulioangushwa na upepo hung'oka na mizizi yake, sinia la udongo likasimama wima. Hapa hakuna sinia hata moja. Visiki tu, vimekatwa laini kama mkate. Nilihesabu mpaka elfu moja na mia moja nikaacha.

Kila kisiki kina 41. Wamepiga vizuri, wima, kwa adabu, kama mimi ninavyopiga.

Niliketi. Chini niliona paa la Sandu, bati jipya, na Mirela anaanika nguo. Niliweza kuziona rangi za nguo. Zamani kutoka pale huoni kitu, ni matawi tu. Nililia, lakini si sana, kwa sababu ilibidi nishuke kabla jua halijazama.


Jumapili, 16 Aprili – Pasaka

Jua zuri. Upepo mwanana.

Kristo amefufuka. Nyundo imerudi. Baba Toader aliileta ndani ya kikapu, chini ya mayai mekundu na paja la kondoo, bado imefungwa kwa skafu ya Vasile. Meno ya muhuri yamelika. Siku mbili zimekuwa siku arobaini na saba.

Sandu ameongezewa mshahara. Kiwanda kimeajiri watu wanane zaidi, na dukani kuna foleni kwa mara ya kwanza tangu nikiwa msichana. Wanasema Prisaca inakua. Sandu anajenga jiko la nje la kiangazi nyuma ya nyumba, amelichimbia kidogo kwenye mteremko ili liwe na ubaridi. Mbao amepewa na Costin bure. Zina utomvu bado, zinanukia Lupoaia. Mirela anasema atapika humo kiangazi chote, na mtoto atalala humo mchana. Amenionyesha pale alipopanga kuning'iniza bembea.

Nilisema ni pazuri.


Ijumaa, 12 Mei

Mvua asubuhi, kisha jua. Upepo hafifu.

Alikuja binti wa kampuni ya hewa. Ilinca, miaka ishirini na kitu, viatu vipya vya mlimani, na kindege kisicho na rubani ndani ya sanduku. Alikirusha, kikazunguka Lupoaia kama mwewe asiye na njaa. Kisha akanitafuta.

Aliniita mama. Aliniuliza kama usiku ule wa dhoruba nilikuwa hapa. Nikasema nilikuwa hapa, nikasikia misonobari ikivunjika, nikajifunika blanketi kichwani. Uongo ulinitoka kama salamu! Akaandika. Akasema kituo cha hali ya hewa cha bondeni hakikuona kitu usiku ule. Baba Toader, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema milima ina pepo zake.

Akaniuliza kama mimi binafsi huandika hali ya hewa mahali popote. Baadhi ya walinzi wa zamani huandika, alisema, babu yake alikuwa na tabia hiyo.

Nikasema hapana. Daftari lilikuwa kwenye mbavu zangu. Nilihisi pembe yake nilipovuta pumzi.


Jumatatu, 5 Juni

Joto. Mvua ya radi mchana. Upepo mfupi na mvua.

Juu ya chemchemi ardhi imepasuka. Ufa upana wa kiganja, mrefu kama uwanja wa kanisa. Nilitia fimbo, ikaingia yote. Na chemchemi imehama, sasa inatoka hatua ishirini pembeni, maji ya matope.

Nilishuka moja kwa moja kwa Sandu. Mirela alikuwa kwenye jiko jipya, tumbo mbele, anachemsha jamu ya stroberi na anaimba vibaya. Nilimwambia Sandu wahamie kwangu mpaka mtoto azaliwe. Mirela akasema wanawake wawili na jiko moja ni vita, mama, hata padri atakimbia. Tulicheka. Kisha nikamvuta Sandu nje, nikamwambia habari ya ufa.

Alinisikiliza. Akaniwekea mkono begani kama mtu anavyomwekea mzee.

"Mama, upepo haukuvuma, najua. Kila mtu anajua. Lakini nyundo ni yako, miti umechagua wewe. Ungeigusa iliyo juu ya nyumba yangu?"

Hapo ndipo ilipopaswa kusemwa. Neno moja tu: sikuchagua. Nilimpa mtu. Nilikuwa na nafasi, jua lilikuwa linawaka, hatukuwa na haraka. Nikasema ardhi ni ardhi, mwanangu, huwezi kujua. Akanibusu shavuni, akarudi ndani kuonja jamu.

Tangu Machi sikuwa nimepanda tena kutazama visiki. Nilijiambia labda wameacha kukata. Najidanganya hata humu.


Jumatano, 14 Juni

Mvua siku ya tatu. Haikatiki. Hakuna upepo, inanyesha wima.

Nilikwenda kwa baba Toader. Nilimwomba atangaze nyumba za chini zihamishwe, nyumba tisa tu, walale shuleni. Alikuwa anamenya tufaha kwa kisu kidogo. Alisema akitangaza, watauliza kwa nini. Wilaya itauliza, kampuni itauliza, na kwenye visiki kuna namba ya nani? Alisema kwa upole, kama mtu anayekufunika koti.

Nikamwambia basi nitasema mimi. Akasema sema, mwanangu. Akanipa kipande cha tufaha. Nami nikakila.


Alhamisi, 15 Juni

Mvua. Siku ya nne. Hakuna upepo.

Nimepiga simu kwa Sandu mara mbili. Yuko kiwandani, mashine zinapiga kelele, hasikii. Nimempigia Mirela. Anasema maji yameingia kidogo kwenye jiko la nje, anayafagia. Nikamwambia aje kwangu leo. Akasema kesho, mama, leo nina mkate kwenye tanuri.

Kesho asubuhi nitakwenda nimwambie Sandu yote. Nimeamua. Nitachukua na nyundo, niiweke mezani mbele yake.


Ijumaa, 16 Juni

Mvua. Siku ya tano.

Nilikuwa njiani, darajani, nyundo mkononi. Nilisikia kwanza harufu – udongo mbichi, kama shimo la kaburi. Kisha sauti. Sikuwahi kusikia kitu kama hicho. Lupoaia uliteremka wote pamoja, bila haraka, na visiki vyake.

Nyumba sita zimesimama. Mbili zimejaa matope hadi madirishani, watu wametoka. Nyumba ya Sandu ukuta wa mbele upo, na bati jipya. Nyuma hakuna kitu. Mahali pa jiko la nje pana matope, marefu kuliko mtu, na miti.

Mirela alikuwa jikoni. Jirani alimwona anaingia na ufagio.


Mchana, palepale

Tumechimba tangu saa tano. Zimamoto wamekuja na mashine moja, lakini hawaitumii karibu na jiko, wanatumia makoleo. Kiwanda kizima kiko hapa, watu arobaini na wanane, na Costin mwenyewe anabeba ndoo. Ghita anachimba kuliko wote, hajanywa. Baba Toader yuko barabarani na mwavuli, anaongea na watu wa wilaya. Hajanitazama.

Mimi wamenitoa. Mikono imechanika, navuja damu kwenye kila kitu. Wameniketisha kwenye ngazi ya mbele, ngazi haijaguswa, hata viatu vya Mirela vya bustani viko hapa, vimepangwa. Naandika kwa sababu koleo wameninyang'anya.


Baadaye

Sandu hataki kupumzishwa. Anachimba kwa koleo, likivunjika anapewa jingine.

Sasa hivi amekutana na kisiki. Kilikuwa kimelala ubavu pale ulipokuwa mlango wa jiko, mizizi juu. Alitaka kukisogeza. Akasimama. Akakipangusa matope kwa kiganja, taratibu, kama unavyompangusa mtoto uso. Nilijua anaona nini hata kabla hajainua kichwa.

Amenitazama. Hakukasirika. Laiti angekasirika!

"Mama. Hii ni yako?"

Nikasimama. Nikafungua mdomo – nilikuwa nasema, namwita Mungu shahidi, nilikuwa nasema – na hapohapo mkuu wa zimamoto akapuliza filimbi. Kimya! Injini zote zizimwe, mtu asitembee, asiseme neno. Kuna kitu wamesikia chini ya matope, upande wa tanuri. Labda kugonga. Labda maji.

Watu wote wamesimama kama walivyokuwa. Costin na ndoo. Ghita amepiga magoti, sikio chini. Sandu mkono juu ya kisiki, bado ananitazama, anangoja.

Naandika kwa sababu siruhusiwi kusema.

Mvua imekatika. Hakuna upepo.